Uongozi Uzaao Maarifa Mapya

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Bodi ya Chama Kikuu katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Katika kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za maghala, za mizani, na za hesabu ya mazao kwa kila msimu. Hizo ni habari njema, na waliozikusanya wamefanya kazi ya kushukuriwa. Sisi tumepewa fungu jingine, nalo halina picha za kupendeza. Tumeombwa tueleze kwa nini katika ofisi moja ya umma watu hubuni njia mpya za kufanya kazi, na katika ofisi nyingine, yenye watu wa elimu ile ile na mishahara ile ile, hakuna jipya lizaliwalo mwaka hata mwaka. Twaona kwamba sababu yake si upungufu wa akili za watu. Sababu ni uongozi: nani aamua, fedha zakaa wapi, na mtu aletaye habari mbaya hupokewaje. Na kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utatakiwa kupiga kura juu ya jambo la namna hii hii, haifai tulizungumze juu juu.

Tuanze na jirani zetu. Kaskazini magharibi ya Kilosa, ng'ambo ya milima, iko Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta ya kula yalikuwa haba huko Uingereza, na mwaka 1946 Serikali yake ilituma ujumbe mdogo uzunguke nchi zetu kwa majuma machache kutafuta ardhi ya karanga. Ujumbe ulirudi na shauri la kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Matrekta makuukuu yakaletwa kwa meli, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zilizozaa haziwezi kung'olewa, na mvua za huko haziaminiki. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafungwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Wengi wamesimulia kisa hicho ili wacheke. Sisi tunakitaja kwa sababu nyingine. Hapakukosekana fedha Kongwa, wala mitambo, wala wasomi. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio, lililolimwa misimu miwili mitatu kabla ya lile kubwa. Na shamba dogo halikuwapo kwa kuwa hesabu za ekari zilikuwa zimekwisha kutangazwa kwa ulimwengu kabla jembe halijagusa ardhi. Mkubwa akiisha kutangaza jibu mbele ya watu, walio chini yake hawana tena swali la kuuliza, na yule aliye shambani, anayeona kwa macho yake kwamba udongo umekataa, hana mahali pa kuipeleka habari yake.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka Kilosa mjini, kilikuwapo kituo cha utafiti cha Ilonga kikipanda vishamba vyake vidogo. Hakuna aliyeandika magazetini habari za Ilonga. Pamba ilijaribiwa pale, kisha mahindi, mtama, alizeti, kunde, choroko na mbaazi. Katika miaka ya 1980 zilitoka mbegu za mahindi kama Staha na TMV-1, zinazostahimili ugonjwa wa milia uliokuwa ukiwafilisi wakulima wa nchi za joto. Mbegu hizo hazikuzaliwa kwa amri. Zilizaliwa kwa sababu kituo kiliruhusiwa kushindwa: katika mistari mingi ipandwayo, karibu yote hutupwa, na mtafiti hasimamishwi kazi kwa mistari aliyoitupa. Hiyo ndiyo kazi yake.

Hata hivyo tusiisifu Ilonga kupita kiasi. Kituo cha utafiti nacho huweza kukosea kikipima kitu kimoja tu. Mtaalamu akihesabu magunia kwa ekari atafurahi. Mke wa mkulima huuliza mengine. Je, yakikobolewa yatoa unga kiasi gani? Je, yatakaa ghalani mpaka mwezi wa tatu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipoonekana Tabora yule mdudu dumuzi, ambaye wengi walimwita Skania, aliyetokea Amerika ya Kati, swali la ghala likawa kubwa kuliko swali la shamba. Ushauri ukabadilika: wakulima waliokuwa wamezoea kuweka mahindi katika magunzi yake wakaambiwa wayapukuchue na kuyachanganya na dawa ya unga. Mkulima asipokuwa na njia ya kumwambia mtafiti yaliyompata nyumbani, basi utafiti wenyewe huwa kama kisima kisicho na kamba.

Kuna kisa cha tatu katika Mkoa huu huu wa Morogoro, nacho ni cha uchungu. Mwaka 1950 ulianzishwa mpango wa kuihifadhi ardhi ya milima ya Uluguru. Nia ilikuwa njema, maana udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Wakulima wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi. Lakini katika sehemu nyingi udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiozaa. Wenyeji waliliona jambo hilo mapema. Amri ilidai matuta, haikuuliza magunia. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kwa hasira huko Matombo, polisi wakaletwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Mnaona, ndugu Wanachama, kwamba maarifa ya kuhifadhi udongo hayakuwa mabaya yenyewe. Yalikuja na uongozi usiosikia, na hasara yake ni kwamba kwa miaka mingi baadaye neno tuta lenyewe lilichukiwa milimani.

Sasa tufike Mikumi na Ulaya, na hapa tungependa kukaa kidogo, kwani kisa hiki wengi wenu mwakijua kuliko sisi.

Mkaa umechomwa katika misitu yetu ya miombo tangu zamani, na magunia yake yamepita njia kuu kwenda Dar es Salaam mchana na usiku. Kwa miaka mingi uongozi wa jambo hili ulikuwa na dawa moja, yaani katazo. Mwezi wa Januari 1906 hatukuwapo, lakini Januari 2006 twaikumbuka wote: mkaa ulipigwa marufuku nchi nzima, na marufuku ile haikudumu, maana mijini watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Mchomaji alikuwa mtoro ndani ya msitu wa kijiji chake mwenyewe. Alikata upesi, akakata penye njia, akakata mti wowote, akaondoka. Mtoro hawezi kubuni njia bora ya kufanya kazi. Hubuni njia bora ya kukimbia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikuwa zimekwisha kufungua mlango, kwa kuwa zilikiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Lakini mlango waweza kuwa wazi miaka 10 asipite mtu. Kuanzia mwaka 2012 mashirika ya TFCG, MJUMITA na TaTEDO, kwa msaada wa fedha za Serikali ya Uswisi, yalishirikiana na vijiji vya wilaya hii, kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta, Msimba na Ihombwe, kujaribu njia nyingine. Tuieleze kwa watu wa vyama vya Gairo na Dumila ambao huenda hawajaiona.

Mkutano mkuu wa kijiji hutenga sehemu ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, na sehemu iliyobaki huachwa. Sehemu hiyo ya mkaa hugawanywa kwa miraba, kila mmoja una mita 50 kwa mita 50. Mraba uvunwao hupakana na mraba uliosimama, kama nguo ya vyumba vyumba, wala si msitu mzima kufyekwa kwa pamoja. Miti ya mbao haikatwi, wala kando ya vijito haikatwi, wala penye mteremko mkali. Visiki huachwa vichipue, kwa kuwa miombo huchipua vizuri kutoka kwenye kisiki, na mraba uliovunwa hupumzishwa miaka 24 kabla ya kurudiwa. Wachomaji wakafundishwa tanuri la udongo lililoboreshwa, ambalo hutoa mkaa zaidi kwa magogo yale yale. Yote haya ni maarifa mazuri. Lakini maarifa haya yasingetimia mwaka mmoja kama ada ya kila gunia ingepelekwa mbali. Ada iliwekwa katika akaunti ya kijiji. Hesabu zikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Fedha zikajenga madarasa, ofisi za vijiji, visima na mambo ya namna hiyo, na kila mwenye macho akaona.

Basi angalieni yaliyofuata. Yule yule aliyekuwa mtoro akawa na kitambulisho na mraba wake. Kamati ya maliasili ya kijiji, ambayo zamani ilikuwa jina tu katika daftari, ikaanza kufanya doria bila kusukumwa. Watu wakaanza kutoa mashauri yao wenyewe. Uvumbuzi ulikuja baada ya mamlaka na fedha kushuka chini. Haukuja kabla yake. Twaomba maofisa wetu walitie jambo hili moyoni, kwa maana mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba watu wa chini wapewe madaraka pindi watakapoonyesha akili. Katika vijiji hivi mambo yalikwenda kinyume cha hivyo.

Mwaka 2019 zilitoka Kanuni mpya, Tangazo la Serikali Namba 417, zilizoongeza idhini zinazotakiwa ngazi za juu kabla ya kijiji kuvuna. Hatusemi kwamba Serikali haikuwa na sababu. Mkaa wa wizi hupita njia ile ile upitayo mkaa wa halali, na misitu ni mali ya taifa zima. Lakini matokeo yake katika vijiji yalionekana: uvunaji ulisita huku karatasi zikisafiri, na akaunti zilizokuwa zikisomewa mikutano zikawa hazina cha kusomwa. Doria haiwezi kuendeshwa kwa shukrani peke yake. Jambo lililojengwa kwa miaka mingi huweza kulegezwa kwa sahihi moja, wala mtia sahihi asikusudie kulilegeza.

Si mara ya kwanza nchi yetu kuliona jambo hili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa pia, kazi zao zikapewa mashirika ya umma. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyote viwili. Majengo yalirudi, mihuri ikarudi. Mazoea ya mwanachama kusimama na kusema "mimi naona tufanye hivi" yalichelewa sana kurudi, na mahali pengine bado yanangojwa.

Katika utumishi wa Serikali palikuwapo pia juhudi ya kuamsha watu kwa kuwapima. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi wa kupima utendaji, uliojulikana kwa kifupi kama MWAMTUKA, ambamo mtumishi na mkubwa wake wapatane malengo mwanzoni mwa mwaka. Wazo ni zuri. Lakini katika ofisi nyingi fomu zilijazwa mwisho wa mwaka kwa kutimiza sharti tu, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 mahali pake pamechukuliwa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Kompyuta itatusaidia kujua nani amefanya nini. Haitatusaidia kumfanya bwana shamba aandike kwamba shamba la mfano limekufa, ikiwa ajua kwamba kuandika hivyo kutampunguzia alama.

Tujitazame sasa sisi wenyewe. Chama chetu si ofisi ya Serikali, lakini ni mali ya watu wengi, na maradhi ya ofisi za umma hutupata nasi. Karani wa mizani huona mambo asiyoyaona Meneja. Huona watu wa kijiji cha mbali wakilala ghalani usiku mbili kungoja zamu. Huona ufuta uletwao na mchanga, na ajua mchanga umeingia katika hatua ipi. Akiwa na shauri, alipeleke wapi? Meneja aweza kuliua wazo bila kulikataa. Hulipokea, hulisifu, hulifungia kabatini. Mwenye wazo hungoja mwezi, hungoja msimu, kisha hajisumbui tena, na wenzake waliokuwa wakimtazama nao hawajisumbui.

Kwa upande mwingine, ni haki tumtetee Meneja. Yeye huogopa mkaguzi, na ana sababu ya kuogopa. Akinunua kwa fedha za chama magunia ya namna mpya ya kuhifadhia mahindi, na magunia yakapasuka, itaandikwa hoja ya ukaguzi. Asiponunua chochote, mahindi ya wanachama yakaliwa na wadudu kama kila mwaka, hakuna hoja iandikwayo. Hasara ya kutofanya kitu haina mstari katika vitabu vyetu vya hesabu. Basi twamlaumuje mtu anayechagua kukaa kimya? Mstari huo ni juu yetu kuuandika.

Tutoe mfano wa mpunga, kwa kuwa wengi hapa ni wakulima wa mabonde. Kilimo shadidi, kilichoanzia kisiwa cha Madagaska katika miaka ya 1980, kimejaribiwa pia mkoani kwetu, huko Mkindo. Miche hupandwa ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25, na maji huingizwa na kuondolewa kwa zamu badala ya kujaza jaruba siku zote. Mkulima mmoja aweza kujifunza kupanda hivyo kwa asubuhi moja. Lakini hawezi kukausha na kujaza jaruba lake ikiwa mfereji ni wa wote na zamu ya maji hupangwa kwa kufuata nani ana sauti kubwa. Maarifa yako mikononi mwake. Uongozi wa mfereji ndio uyazuiao. Kamati ya maji ikikataa kubadilisha ratiba hata kwa majaruba matano ya majaribio, bwana shamba aweza kuhubiri mpaka sauti imkauke.

Kwa sababu hizo Bodi imeandika pendekezo litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Kila chama cha msingi kitabakiza shilingi 5 katika kila shilingi 100 za ushuru wake, ziwe Fungu la Majaribio, nalo litaonekana wazi katika makisio ya mwaka kama mafungu mengine. Chama chenyewe kitachagua cha kujaribu: mbegu, chombo cha ghala, zamu ya mizani, zamu ya maji, au jambo jingine. Kabla ya kuanza kitaandika katika daftari kinajaribu nini, kwa fedha kiasi gani, na kitapima kwa kitu gani. Mwisho wa msimu matokeo, mema au mabaya, yatasomwa kwanza katika mkutano wa wanachama wa chama hicho, ndipo yapelekwe Chama Kikuu. Fedha zilizotumika kama ilivyoandikwa hazitahesabiwa kuwa upotevu hata kama kilichojaribiwa kimeshindwa. Zilizotumika kinyume cha daftari zitashughulikiwa kama wizi, kwa kuwa ni wizi. Na kwa upande wa Chama Kikuu, shauri lolote lililoandikwa na mwanachama au mtumishi litajibiwa kwa barua katika siku 30: ndiyo, au hapana pamoja na sababu yake.

Tumekwisha kusikia wanaolipinga. Wako wasemao kwamba fedha kidogo kidogo zilizotawanyika huibiwa kwa urahisi kuliko fedha nyingi zilizo mahali pamoja. Sisi tumeishi muda wa kutosha kuona fedha nyingi mahali pamoja nazo zikienda, tena bila jirani kujua. Wako wasemao kwamba vyama vidogo vya upande wa Mikumi vitapata fungu dogo mno lisilofaa kitu. Neno hilo lina uzito, na Bodi imekubali kwamba vyama viwili au vitatu viweze kuunganisha mafungu yao kwa jaribio moja. Na yupo mzee mmoja aliyetuuliza kama tunataka kumgeuza kila karani kuwa mtaalamu wa Ilonga. La, hatutaki hivyo. Twataka karani aweze kwenda Ilonga akiwa na swali lililoandikwa, na mtaalamu wa Ilonga aweze kuja ghalani na kuonyeshwa daftari.

Hatuahidi mavuno makubwa. Huenda katika majaribio ya mwaka wa kwanza mengi yakashindwa, na mtu atakayesimama mwakani na kutusomea kwamba yote yamefaulu, tutamwomba alete daftari tulitazame.

Maandishi kamili ya pendekezo yamekwisha kupelekwa kwa makatibu wa vyama vyote vya msingi. Yatasomwa kwa sauti katika mkutano wa kila chama kabla ya Mkutano Mkuu, wala yasibandikwe ukutani tu. Makatibu wayaandike maneno ya wanachama kama yalivyosemwa, ya kukubali na ya kukataa, na kuyaleta ofisini Kilosa; walio upande wa Mikumi wayakabidhi kwa mtunza ghala wao, naye atayaleta pamoja na vitabu vya stoo vya mwisho wa mwezi.